Kishikio Chekundu

Kaka Amsi,

Jino ulilonivunja sikuling'oa. Kipande kilichobaki kinanichoma kila ninapokunywa chai ya moto, na kikinichoma nakutukana kwanza, halafu ndipo nakukumbuka.

Ulikuwa mwaka ule mpaka wa Kenya ulipofungwa. Vipuri vya breki vilikuwa adimu kuliko sukari, nawe kila asubuhi ulilishusha basi la Arusha kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, abiria wamejaa, breki zimekwisha, unaomba Mungu kwa Kiiraqw na kutukana kwa Kiswahili. Ndipo ukanijia gerejini Karatu na breki ya ekzosi uliyoing'oa kwenye lori bovu. Malori yalikuwa yanaziba moshi kwa breki hiyo na kushuka taratibu, na wewe ukaitaka.

Nilikukatalia. Injini ya basi lako ilikuwa ya mipigo miwili, haivuti hewa yenyewe. Ina bloa ya kuisukumia hewa na kuufukuza moshi. Ukiziba nyuma, bloa inachemka, sili zinazozuia oili zinakufa, oili inaingia ndani. Injini ya dizeli ikishapata oili ya kunywa haihitaji tena mafuta yako. Itanguruma mpaka ipasuke, hata ukiizima.

"Mahubiri peleka kanisani," ulisema. "Hapa funga."

Nikakuita muuaji wa abiria. Ukanipiga spana ya mdomo mbele ya mafundi wote. Nilikurukia, nikakukaba, nikakugongesha kichwa kwenye bampa mpaka damu zetu zikachanganyika kwenye shati lako. Tulipotenganishwa ulitema mate, ukarudia neno lile lile. Kwetu kaka mkubwa akishasema, mdogo hana la kujibu. Nikafunga.

Sasa nisikilize. Breki ile ilihitaji waya mrefu, na Karatu nzima haukupatikana. Kwenye dashibodi yako kulikuwa na kishikio chekundu cha dharura. Ukikivuta kinafunga mlango wa hewa, na injini inakufa papo hapo hata ikiwa imepata wazimu. Hukuwahi kukigusa. Nikauchomoa waya wake, nikaufungia breki yako, na kishikio nikakichomeka tena mahali pake ili pasibaki tundu. Nilikusudia kukwambia. Lakini nilikuwa nakuchukia, kaka, na mdomo ulikuwa umevimba.

Siku mbili breki ilifanya kazi. Ya pili ulipita gerejini, ukapunguza mwendo, ukanipigia honi ndefu ya kunicheka. Niliisikia. Niliinamia trekta la watu mpaka ukapita.

Siku ya tatu ulianguka. Aliyenisimulia ni mama mmoja wa Baray, alikuwa amekaa nyuma yako na magunia yake ya vitunguu. Alisema kwenye kona ya pili injini ilianza kupiga kelele yenyewe, moshi ukafunika dirisha la nyuma. Ukikanyaga klachi, basi linakimbia kwa sababu breki hakuna. Ukiiachia, injini inalisukuma. Kisha injini ikapasuka, chuma chake kikatoboa sakafu, kikamkata mtu mguu. Hapo ukalikata basi kuelekea ukuta wa mawe, upande wako ukiwa mbele. Waliobaki walivunjika, walichanika, lakini walitoka. Wewe usukani uliingia kifuani.

Nilimuuliza kabla ya kulikata ulifanya nini.

"Alivuta kitu chekundu," alisema. "Kikachomoka. Akakiangalia."

Nilikuosha mimi, kaka. Mkono wako wa kulia ulikataa kufunguka, nikakuvunja vidole viwili ili nikitoe kishikio. Tangu hapo kipo kwenye sanduku langu la spana, na kila aliyeniletea breki ya ekzosi kwa injini ya aina ile nimemfukuza na nyundo mkononi. Wananiita kichaa. Bado nina hasira na wewe. Nakupenda, na nina hasira.

Shemeji anaamini mteremko ndio uliokuua. Kila Jumapili ananipakulia nyama ya kwanza na kunishukuru kwa kuwalea wanao, nami nakula. Kesho sitakula. Nitakiweka kishikio mezani kwake, nimsomee barua hii yote. Akichukua mchi, sitanyanyua mkono.

Pumzika, nami nakwenda kusema.

Mdogo wako,
yule uliyempigia honi.