Bia Niliyoshindwa Kuimwaga

Mdogo wangu Kioko,

Alhamisi iliyopita nilikwenda Nairobi peke yangu, kula na kunywa. Najua ungecheka. Mzee mzima niliyestaafu ualimu naacha mbuzi wangu hapa Kiboko, napanda basi alfajiri kufuata supu mjini, na jioni narudi. Sikumwambia mtu. Nilitaka kupita pale tulipopita Jumamosi ile uliponialika, nile tulichokula, kisha niamue jambo ambalo mkeo Mbithe anataka niliamue.

Mwanao Mutinda anaoa. Mwezi ujao tunapeleka mbuzi wa ntheo kwa wakwe huko Mwingi, na unajua kwetu, kabla ya mbuzi hao msichana hajawa mke wa mtu. Asubuhi ya kuondoka, mimi kama mkubwa wa nyumba nitamwaga pombe kidogo chini pale nyumbani Matinyani na kuwataja waliotangulia. Babu, baba, mama. Mbithe aliniuliza kwa simu, bila kupandisha sauti: "Mwalimu, ukifika kwa Kioko, utamtaja ama utamruka?" Nikamwambia nitafikiria. "Umefikiria miaka kumi na mmoja," akasema. "Mimi ni mke ama ni mjane? Niambie, nijue nitakaa wapi siku hiyo."

Nilianza na supu ya mifupa karibu na River Road. Hoteli yenyewe haipo, panauzwa simu, kwa hiyo nikaingia ya jirani. Siku ile ulinikuta nikisoma orodha ya vyakula ukutani kuanzia juu hadi chini, ukanipokonya miwani. "Mwalimu, hapa hakuna mtihani. Kunywa!" Supu ilikuwa nzuri na mimi sikuimaliza.

Saa sita nilikuwa Eastleigh, kwa yule Mzee Abdi wa Mwingi, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyefungua hoteli, ambaye Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu. Unakumbuka alivyotuletea wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni? Mimi nikaiweka ndizi kando, niile mwisho kama mtu aliyelelewa. Ukaimenya, ukaikatakata juu ya wali wangu bila kuuliza. Mzee Abdi akasema kwa Kikamba, hoteli nzima ikisikia, "Huyu kaka yako amesoma sana, lakini kula hajafundishwa."

Sasa binti yake ndiye anayesimamia. Nilimwonyesha picha yako. Aliiangalia kwa muda mrefu, na kwa adabu.

"Huyu ni yule wa kuchoma nyama Kariokor. Baba alikuwa anamuulizia kila Ijumaa."

"Na sasa?"

"Baba tulimzika, mzee wangu. Sasa hakuna wa kuuliza."

Nilikula wali wote, na ndizi juu yake. Kioko, sijui kwa nini chakula kile kiliniuma vile.

Nilifika Kariokor saa nane. Moshi ni ule ule, na vijana wanavuta wateja kwa mikono. Mmoja alinishika kiwiko: "Buda, mbavu ama mguu? Meno bado yapo?" Nikamwambia yapo, lakini si yote. Akanichagulia mbavu laini. Jiko ulilosimamia lina mtu mwingine, wa umri wa Mutinda, naye hajawahi kukusikia. Nilipomtajia jina lako alirudia, "Kioko? Kioko ni wengi," akaendelea kugeuza nyama.

Kisha nikaingia baa ya ng'ambo ya barabara. Mhudumu, mama wa makamo, akauliza, "Baridi ama moto?" Nikasema moto. "Nilijua! Wazee wa Ukambani na bia ya moto!" Akafungua, akamimina. Niliinua glasi, nikaiinamisha kando ya kiti, na mkono ukakataa. Pombe inamwagiwa wafu peke yao. Tone moja, na ningekuwa nimekuzika.

"Mzee, usimwage hapo, ni vigae, mtu atateleza."

"Sijamwaga."

"Unataka kummwagia nani?"

"Mdogo wangu."

"Pole. Alikufa lini?"

Nikasema, "Sijui."

Na sijui kama ulikufa, ndiyo maana ya jibu langu, lakini yeye alifuta meza ambayo ilikuwa kavu. Miaka hii yote, aliyeuliza nimemjibu "Yuko Nairobi," kama vile uko kazini. Tulizunguka hospitali, vituo vya polisi, hata mochari, na bado nilijibu hivyo. Kumbe sikuwa nakulinda wewe. Ulinipigia mara ya mwisho ukasema, "Mwalimu, mji umenichosha, nije nikae kwako kidogo?" Nikakujibu Kiboko si kwetu, hata mimi ni mgeni huku. Nilikuwa nimeishi hapa miaka thelathini. Ulicheka, ukasema haya. Maadamu uko Nairobi, jibu lile la simu halijamuua mtu. Kwa ajili ya hilo nimemwacha mkeo akisimama mlangoni, hayuko ndani wala nje.

Niliinywa bia yote. Haikudondoka hata kidogo. Si mahali pake pale.

Nimempigia Mbithe leo asubuhi. Nimemwambia nitakutaja, baada ya mama. Alilia, kisha akauliza kama nitahitaji kitanda, maana sijalala Matinyani tangu shamba la baba ligawanywe. Nimesema nitahitaji.

Basi Kioko, ikiwa hujafa, nakukosea mbele ya ukoo mzima. Njoo siku hiyo, ukatize maneno yangu, unitukane, uniite mchawi mbele ya wakwe. Nitakupisha kiti. Usipokuja, pokea pombe hiyo, na unisamehe lile jibu.

Ni mimi kaka yako mkubwa, uliyeniita Mwalimu.