Leseni ya Madam Iko kwa Vifaranga

Mpendwa Shangazi Nabwile,

Naomba msaada, lakini kwanza ujue unasaidia nani: mimi ndiye Wekoye fundi wa Kitale, nikiingia mahali kompyuta zinajiwasha zenyewe, na shule niliacha kidato cha pili kwa sababu mwalimu wa kompyuta alikuwa ananiuliza mimi maswali mbele ya darasa, nikamwonea huruma. Hata hiyo simu yako najua inakwama, niletee tu.

Sasa kuna Madam Nakhungu, ana ofisi ya kuchapa mitihani ya shule huko Bungoma, aliniletea kompyuta ambayo kasha lake limeliwa na kutu kwa sababu panya walikuwa wanakojolea ndani, nami nikatoa matumbo yote nikayahamishia kwa kasha jipya jeusi lenye taa za buluu, ikang'aa kama gari ya harusi, Madam akasema, "Wekoye, wewe si mtu wa kawaida," nikamjibu, "Hiyo si nilijua zamani, Madam." Kasha kuukuu nikampelekea mama mdogo huko Kachibora, akaweka balbu ndani na vifaranga kumi na wanne, wanapata joto sawasawa, hiyo pia ni akili yangu.

Shida ni stika. Kumbe ubavuni mwa lile kasha kuukuu kulikuwa na stika ya namba za leseni ya Windows, na mimi nilidhani ni pambo tu, kama ile wanabandika kwa tofaa za supamaketi. Mwezi uliopita diski ikagoma, Jumatatu moja nikaenda Bungoma kuweka mpya, mashine ikauliza namba, Madam naye akauliza stika iko wapi. Sasa Shangazi, mtu kama mimi anaanzaje kusema hajui? Nikasema, "Niliihamisha, Madam, niliibandika hapa kando na mikono yangu. Mtu ameibandua."

Nimeenda Kachibora nimeiona, ina mavi ya kuku lakini namba zinasomeka. Nataka tu uniambie gundi gani itaishika kwa kasha jipya ikae kama imekuwa hapo siku zote.

Na kuna kitu kingine kidogo. Mwenye hupanguza hiyo mashine ni Emmy, amemchapia Madam mitihani miaka sita. Madam alimwangalia Emmy, Emmy akaniangalia mimi, akasema, "Wekoye, si useme." Nikajifanya natafuta bisibisi. Tangu Jumatatu hiyo Emmy ameambiwa akae nyumbani.

Gundi ninayo, Shangazi. Nilidanganya, nikanyamaza.

Wekoye, Kitale


Wekoye,

Simu yangu haikwami, asante.

Umeniandikia ukurasa mzima wa kasha, taa na kuku, halafu Emmy umemweka mwisho kabisa, kama mtoto anayeficha ripoti ya shule chini ya godoro. Afadhali umemtoa. Kutojua maana ya stika si aibu. Ungesema, "Madam, sikujua," angekucheka dakika mbili, ukapanda gari kwenda kuileta. Badala yake mtu aliyemchapia Madam miaka sita amefungiwa mlango ili wewe uendelee kuitwa mtu asiye wa kawaida. Hiyo ndiyo bei ya jina lako, kijana? Emmy ndiye ameilipa.

Gundi weka kando. Ukiibandua itararuka, na ukiibandika kimyakimya utakuwa umetengeneza uongo wa pili, huo wenye namba. Nenda Kachibora, fungua skrubu, toa ubavu mzima wa lile kasha. Futa mavi polepole kwa kitambaa chenye maji kidogo, usikwaruze, kisha piga picha. Vifaranga watafutie boksi la katoni, hawajali taa za buluu.

Halafu beba hilo bati mpaka Bungoma, na usianzie ofisini. Anzia kwa Emmy. Piga hodi, omba msamaha, na akikutukana sikiliza mpaka amalize. Kisha, akikubali, muende pamoja kwa Madam, na hayo maneno mawili ya mwisho ya barua yako uyaseme ukiwa umesimama, Emmy akisikia. Usiongeze hadithi ya panya.

Na mashine ikiuliza namba, usiguse kibodi. Emmy akae kwa kiti chake achape. Wewe shika bati umsomee.