Buibui wa Mwalimu Obadiah

Keroka

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wote hapo Ogembo. Goti lako linaendeleaje? Na majani chai, mvua hii imeyafaa? Mimi ni mzima, na cherehani yangu haipumziki. Namshukuru Mungu.

Najua mdogo wangu Lorna amekupigia simu kukuambia kwamba naishi jirani na mchawi. Ningekujibu kwa simu, lakini haya yanataka nafasi.

Jirani huyo ni Obadiah, mwalimu wa Biolojia. Anafuga tarantula wawili, yaani buibui wakubwa wenye manyoya, kila mmoja wa kujaza kiganja, katika masanduku ya kioo. Nilipowaona mara ya kwanza nilitoka mbio, viatu nikaviacha huko. Kesho yake nilipovifuata, nilijikuta nimechutama mbele ya kioo nikiuliza maswali.

Tabia zao hazifanani hata kidogo, Mama. Yule wa kutoka Chile ni mpole, anaweza kushinda mahali pamoja kama aliyesahau kwamba yuko hai. Akiudhiwa sana, anajikwangua vinyweleo na kukurushia, nawe utajikuna mpaka uchoke. Wa pili ana rangi ya kutu, na ni wa hapa hapa Kenya, pande za Voi. Huyo ukigusa kioo tu, anainua miguu ya mbele, anatoa meno na kuchachatika kama mafuta kwenye karai. Nilidhani ni ukatili. Obadiah akasema ni woga: huyu hana vinyweleo vya kurusha, basi hutangulia kutisha.

Jumapili iliyopita mwenye nyumba, Mzee Onyiego, alikuja na wapangaji wengine na mtungi wa mafuta ya taa. Mtoto wa jirani yetu Sharon alikuwa na homa, na lawama zikawaangukia buibui. "Toa hivyo vitu tuvichome!" Mzee alisema. Obadiah alibaki mlangoni ameushika mlango kwa mikono miwili. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilipita katikati yao, nikafungua sanduku, nikamweka yule wa Chile kiganjani.

Mzee alisogea, akamtazama, akauliza, "Na yule mwingine?"

"Yule, Mzee, hata mimi siwezi."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Sharon mwenyewe akasema mtoto amepimwa, ni malaria. Mafuta yakarudishwa, ingawa Obadiah ameambiwa ahame mwezi huu ukiisha.

Sasa, Mama, neno lililonishikisha kalamu. Amepata nyumba Masimba, na ameniomba niende naye niwe mke wake. Nimekubali. Baba yake, Mzee Nyangate wa Nyamira, atakuja kwako na wazee wenzake. Wapokee vizuri, wapikie kuku. Ila nakusihi, buibui usiwataje kabisa. Nyumbani kwao hawajaambiwa.

Msalimie Lorna, mwambie simchukii.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Roselyne