Baba na Ngoma ya Kuomba Radhi

Huddersfield,
Uingereza.
9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Eulina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu kwenye baridi. Presha yako inaendeleaje? Na lile paa lililong'olewa na kimbunga, mafundi wamemaliza au bado wanakula tu chakula chako? Sisi tu wazima. Baba ana kikohozi, lakini ubishi wake haujapungua hata kidogo.

Binti yangu Janelle amejiunga na kikundi cha vijana wa mtaa wanaotunga onyesho la ngoma kuhusu wazee wetu: walivyochukuliwa Afrika wakapelekwa utumwani kisiwani kwetu Carriacou, kisha walivyovuka tena kuja viwandani huku. Mwalimu wao aliwaalika wazee ukumbini. Nilimburuta Baba kwa ahadi ya samaki wa chumvi.

Ngoma ya kabila la Wakromanti ilipolia, Janelle akaingia uwanjani kwa madaha. Baba akainuka na fimbo yake.

"Toka humo, we mtoto! Hao ni watu wa mama yako. Kabila hufuata baba! Sisi ni Watemne!"

Mke wangu, aliyemfundisha hatua zile, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Shangazi, nina miaka hamsini na minane, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba tuna kabila. Nililia mbele ya watoto, wala sikuona haya.

Kurudi nyumbani ndipo Baba akanieleza. Mwaka 1961, kabla hajapanda meli kuja huku, Bibi, mama yenu, alipika, akanyunyiza maji uwanjani, akamwita apige magoti kwenye ngoma ya kuwaomba radhi waliotangulia. Baba alikataa. Alikuwa amevaa suti mpya, akaogopa vumbi. Bibi akapiga magoti badala yake, na hawakuonana tena. Kumbe ndiyo maana ngoma ilikuwa marufuku nyumbani kwetu.

Sasa vijana wanataka yeye afungue onyesho kwa ngoma hiyohiyo, tarehe 29 Machi. Amegoma mpaka asikie kutoka kwako, maana wewe ndiye uliyemfumba Bibi macho alipofariki.

"Muulize Eulina kama mama alinisamehe," aliniambia jana. "Na asinifiche kwa kunihurumia."

Nikamwambia hakuna mama asiyesamehe.

"We unajua nini? Hukumjua mama yangu!"

Namwonea huruma sana. Tafadhali mjibu mapema, na umjibu ukweli.

Nisalimie binamu Lendore na Mama Ismay, na wote wa hapo kijijini L'Esterre. Mungu akulinde wewe na hilo paa jipya.

Mtoto wa kaka yako akupendaye daima,
Denrick

N.B. Baba ameisoma barua hii na kuniamuru niongeze. Magoti atapiga tu, hata jibu lako likiwa baya. Anachotaka kujua ni akae magotini kwa muda gani.