Maji Kwenye Dizeli ya Kijiji

Sindeni, Jumanne, masika 1975

Daftari langu, niwie radhi, wiki tatu sijakuandikia. Mashine ya unga ya kijiji imegoma. Natwanga mahindi na mtoto mwenye homa mgongoni.

Leo nimekataa kungoja fundi. Wajumbe wa kijiji walichota dizeli ya kuwashia koroboi zao wakaacha pipa wazi mvuani, maji yakafika hadi tangi la mashine. Nikalegeza nati ya chini ya tangi, maji yakamwagika mpaka ikaja dizeli.

Mwenyekiti akafoka, "Mama Zaina, mashine si kinu!"

"Basi njoo utwange wewe, mzee."

Wanawake wakaangua kicheko. Mashine ikawaka, kisha ikazimika, chujio la dizeli limeziba. Naogopa watasema nimeiharibu. Waseme.

Dereva wa lori aniletee kutoka Korogwe: chujio moja, kizibo cha pipa, na kufuli lenye ufunguo mmoja, utakaokaa kwangu.