Pini ya Sketi Yangu

Shoga, sikia haya. Nimempeleka binti yangu kupigwa picha ya kichwa kwenye ile mashine ya sumaku.

Fundi akaniambia, "Mama, vua kila chuma." Nikavua hereni, pete, saa. Nikaingia kumshika mkono, maana alikuwa analia.

Shoga, sketi ikavutwa! Ile pini niliyofungia kiunoni tangu lastiki ilipokatika! Ikachomoka, ikapita karibu na jicho la mtoto, paa, ikanasa kwenye mashine. Sketi chini!

"Mama! Nilisema kila chuma!" fundi akafoka.

"Lakini ni pini tu, kaka!" nikamjibu.

Eti pini tu, nasema mimi! Ingemtoboa mtoto jicho!

Mtoto naye badala ya kulia akacheka, akatingishika mpaka picha ikaharibika. Kesho tunarudia.

Wewe unayejifunga pini kama mimi, nunua lastiki leo.