Kisahani cha Mwenye Afya

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wanao, na kwamba goti lako sasa linapanda ngazi bila kunung'unika. Habari za afya yangu nitakupa mahali pake.

Unajua kwamba nachunguza utando wa ndani ya mfuko wa uzazi unaponenepa kupita kiasi. Katika utando wenye afya, seli hupashana habari: homoni ikifika, seli zinazoshikilia tezi huziarifu seli za tezi kwamba yatosha, ziache kuongezeka. Katika ulionenepa, ama habari haitumwi, ama haipokelewi. Basi niliotesha seli za wagonjwa katika kisahani kimoja na za mwanamke mwenye afya katika kingine, nikazitia zote homoni ileile.

Zile zenye afya hazikutulia. Ziliongezeka sawasawa na za wagonjwa.

Hukuniita Mpelelezi bure tangu utotoni. Nilimshuku fundi wetu wa maabara, tunayemwita Kimya, kwamba amebadilisha visahani. Nilikagua lebo akiwa ametoka, nikauficha ufunguo wa kabati, nikamwambia mkuu wetu kwamba mtu huyu hafai. Nilipomkabili, alinijibu kwa upole kwamba angetaka kunihujumu angeanza na birika langu la chai, ambalo silifungii. Tangu hapo nikalifungia na birika.

Nikarudia jaribio peke yangu, kwa kipande cha utando kilichobaki kwenye jokofu. Matokeo yakawa yaleyale. Hakubaki wa kushukiwa ila yule mwenye afya, ambaye sikuwahi kumpima, kwa kuwa nilikuwa na hakika naye.

Dada, mwanamke huyo ni mimi. Nilitoa kipande changu ili kuokoa muda, na kwa damu nyingi ya kila mwezi nilisingizia uchovu. Daktari amethibitisha kwamba utando wangu umenenepa. Saratani haijaingia, na nimeanza dawa. Kama seli zangu zitasikia, tutajua atakaponipima tena. Kimya nimemwomba radhi mbele ya mkuu. Akauliza tu kama sasa chai inaruhusiwa.

Uliponitembelea, ulifua shuka ulilolalia kabla sijaamka, ukasema ni jasho. Sikuamini, wala sikuuliza. Sasa nauliza. Usinijibu kwa barua: njoo, nimemwambia daktari atutarajie wawili.

Msalimie shemeji, uwakumbatie watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Mpelelezi